Msasa ni wa Patasi, Si wa Mlango

Nakshi iliyopigwa msasa naijua hata kwa mbali. Kingo za yungiyungi zimelegea, mishipa ya jani imefifia, na vumbi limejazana kwenye vipembe vilivyotakiwa kushika kivuli. Mie ni mchonga milango hapa Unguja, na kwa hili sibishani na mtu: msasa ni wa patasi, si wa mlango. Chuma kikinolewa kikang'arishwa ipasavyo, huacha mkato unaong'aa wenyewe, na kinachobaki ni kupaka mafuta tu.

Sababu ni hii. Makali ni pale nyuso mbili za chuma zinapokutana, basi. Nyuso hizo zikiwa na mikwaruzo ya jiwe, kila mkwaruzo hutokeza ukingoni na kuacha kijino. Ukivigusa vijino hivyo utavisifu kwa ukali, lakini kazini hurarua nyuzi za mti, kisha huvunjika kimoja kimoja, na adhuhuri haijaingia patasi imeshakuwa butu. Anayedhani kung'arisha ni urembo hajawahi kuchonga msaji.

Msaji una silika ndani yake, madini yaleyale yanayofanya kioo, na hula makali polepole. Mvule ni mjanja zaidi: mara nyingine huficha vijiwe vya chokaa katikati ya ubao, huvioni, unasikia tu "kwaa" na patasi imeshapata pengo. Mninga ni muungwana. Kwa hiyo pembe ya makali nayo hufuata mti. Mbao laini, digrii 20 zinatosha. Mninga na mvule mie hunoa digrii 25. Mpingo wa ndugu zetu Wamakonde, mti mzito hata unazama majini, unataka 30, la sivyo makali yanameguka.

Patasi na bobari zetu nyingi hufuliwa na wahunzi kutokana na tupa kuukuu na springi za gari. Ni chuma kizuri, ila kina adui mmoja, moto. Ukikibana kwenye jiwe la mota, ncha nyembamba hupata joto upesi mno. Ikiwa manjano kama nyasi kavu, yapata digrii 220 za Selsiasi, bado hujaharibu. Ikigeuka buluu, karibu digrii 300, ugumu umeshatoka, na dawa ni kuisaga buluu yote mpaka ufikie chuma kizima. Ndiyo maana mie hunoa kwa mkono, kwa maji.

Kinoo cha pande mbili cha dukani kinatosha kuanzia. Upande unaokwaruza ni wa patasi yenye pengo. Isiyo na pengo ianze upande laini moja kwa moja. Laza mteremko wa patasi ukae wote juu ya jiwe, usiuinue, na tumia jiwe zima, maana ukisugua katikati tu litafanya shimo, na jiwe lenye shimo halinoi patasi iliyonyooka. Noa mpaka uusikie uzi wa chuma. Pitisha kidole upande wa pili, ule usiounoa, ukitokea shinani kuelekea nje: kuna kitu chembamba kinakwaruza, kimejikunja ukingoni toka pembe hadi pembe. Huo ndio ushahidi kwamba umefika kwenye makali. Usipousikia, hata ungebadilisha mawe kumi, bado hujanoa.

Baada ya hapo ndipo unakuja msasa wa maji, ule wa mafundi rangi wa magari, uliolazwa juu ya kipande cha kioo: namba 800, kisha 1200, kisha 2000. Mwisho ngozi. Mkanda wa zamani ubandikwe kwenye ubao, uso wa ndani ukiwa juu, upakwe dawa ya kijani ya kung'arishia. Ukiikosa, ile dawa ya maji tunayosugulia misumari ya shaba ya milango inafanya kazi vizuri tu. Patasi huvutwa kurudi nyuma, haisukumwi mbele, na usipindue mkono mwisho wa mvuto, maana hapo ndipo makali hufanywa duara.

Bobari inasumbua wengi kwa kuwa makali yake yamepinda. Nayo ina njia rahisi: itumie yenyewe kuchimba mfereji kwenye kipande cha ubao laini. Mfereji huo ni kipimo chake kamili. Utie dawa, uisugue humo mgongo wake. Kwa upande wa ndani, chonga kijiti cha duara kinachoenea.

"Ami, imeshakata," huniambia kijana ninayemfundisha, akinionyesha mkono alionyoa malaika.

"Leta paini."

Hapendi, maana anajua. Mti mgumu husitiri patasi mbovu, lakini paini ni laini, na nyuzi zake hupondeka badala ya kusimama zikatwe. Kata kichwa cha ubao, kukingama nyuzi. Mkato ukiwa mweupe, wenye unga unga, rudi kwenye jiwe. Ukiwa na rangi iliyokolea na unateleza, endelea na mlango. Taa nayo husaidia: elekeza makali juu, yakionyesha mstari mweupe ujue ni butu, kwani makali ya kweli hayana uso wa kurudisha mwanga.

Kisu cha jikoni hakihitaji yote haya. Kitako cha kikombe cha udongo, ule mviringo usiopakwa rangi, ni kinoo kizuri kuliko kizingiti cha saruji, ambacho hukitafuna kisu tu. Upande mmoja, upande wa pili, halafu mivuto michache kwenye mkanda wa ngozi. Jaribu kwenye nyanya iliyoiva: kisitegemee uzito wa mkono, kishuke chenyewe. Kisha kioshe, kikaushe, na usikichanganye na vijiko kwenye droo.