Kashata zimesimama, tairi limekufa

Shemeji yangu anaishi Dallas, Texas. Aliponunua tela la kulala lililotumika, alinitumia picha za kila kona: kitanda, jiko la gesi, choo, hata kabati la viatu. Picha ya matairi haikuwamo. Nilipomuuliza akacheka. "Matairi mazima, shemeji. Kashata zote zimesimama."

Julai 2023 tukaondoka kwenda kuona Grand Canyon. Tulikuwa tumeshaingia New Mexico, barabara kuu namba 40, jua la utosi, tairi la nyuma kulia lilipopasuka. Ingekuwa pancha tungeshukuru. Mikanda ya waya ilichomoka na kuuchapa ubavu wa tela mpaka ikang'oa bati na kukata nyaya za taa. Tulipokwenda kuokota vipande barabarani, kashata zilikuwa bado zimesimama kweli.

Sisi tuliokulia kwenye matairi ya mtumba tumezoea kukagua kipara. Tunaingiza kidole kwenye mfereji, tunapapasa, tunalipa. Kwa gari dogo linalokimbia kila siku, mazoea hayo yanasaidia. Tela la kulala haliishi hivyo. Linaegeshwa nyuma ya nyumba miezi tisa likichomwa na jua, limelalia matairi yaleyale, halafu wiki moja ya likizo linakokotwa kilomita 2,000 likiwa limesheheni. Mpira wake unakauka na kuchoka kwa ndani kabla kashata hazijalika.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kutazama ni tarehe. Ubavuni tafuta herufi DOT, ufuate mlolongo wake hadi tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili zinazofuata ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na fundi akifunga tairi upande huo ukiwa ndani, itakubidi utambae chini ya tela kama sisi tulivyotambaa kando ya barabara. Tulisoma 3114. Miaka tisa! Wenye matela wengi hubadilisha kati ya mwaka wa tatu na wa tano, na mimi sasa niko upande wao. Dukani usione haya, omba usomewe tarehe kabla hujatoa pesa. Lililokwisha kuvuka mwaka stoo, mimi nisingelichukua.

Jambo la pili ni herufi ST mwanzoni mwa saizi, yaani tairi lililoundwa kwa ajili ya tela. Tela lenye ekseli mbili likikata kona kali, magurudumu yake hayageuki kama ya mbele ya gari, yanaburutwa kiubavuubavu. Ndiyo maana tairi hilo hupewa mbavu ngumu.

Saizi pekee haitoshi. Chukua ST225/75R15, iliyo ya kawaida sana kwenye matela ya wastani. Lenye herufi D ya mzigo hubeba takriban kilo 1,150 kwa upepo wa PSI 65. Lenye E, kwa saizi ileile na sura ileile, hubeba kama kilo 1,285 kwa PSI 80. Kwa matairi manne hiyo ni tofauti ya zaidi ya kilo 500, yaani tangi la maji, friji na masanduku ya watoto. Anayehama kutoka D kwenda E aangalie na kilichobaki. Rimu ina kikomo chake, na vali za mpira za kawaida huishia PSI 65. Weka za chuma.

Utajuaje uzito wa tela lako? Si kwa kubuni, wala kwa kibandiko cha kiwandani kinachotaja tela tupu. Kwenye vituo vya malori Marekani kuna mizani za CAT ambazo hata mwenye pikapu hupima kwa dola chache. Ingia ukiwa umejaza maji, gesi na sufuria zako zote. Mizani itakupa uzito wa ekseli, si wa kila gurudumu, na upande wenye jiko huwa mzito kuliko mwenzake. Acha akiba ya kutosha.

Kisha upepo. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa limepoa. Lenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, likapata moto, na moto ndio unaoachanisha mikanda. Mwendo nao: matairi mengi ya ST ya zamani yaliundwa kwa kilomita 104 tu kwa saa, ilhali sehemu za Texas zinaruhusu 120 na zaidi.

Jina la kampuni nimeliweka mwisho kwa makusudi, ingawa ndilo wenye matela hubishania kuliko yote. Matairi rahisi yanayokuja na tela jipya wameyabatiza "mabomu ya China". Naona wanaonea. Mengi ya hayo mabomu, nadhani, yalikuwa na mzigo wa kupindukia na upepo nusu. Goodyear Endurance, linalotengenezwa Marekani, limejijengea sifa njema, na Maxxis wana wapenzi wao. Ningenunua lolote kati ya hayo kuliko lisilo na jina linalofahamika, lakini la jina kubwa lenye miaka saba ningeliacha dukani.

Shemeji alinunua matano, si manne. Spea iliyoning'inia nyuma ya tela, ambayo haikuwahi kugusa lami, nayo ilisomeka 3114.