Seleri zetu zilikataa kuota: chumvi ndani ya mifuko ya Munigi

Siku ile tulienda sokoni watu wanne, kama vile tunaendaga kwa mnunuzi wa madini anayechezea mizani. Tulimsimamia mama muuzaji wa mbegu mbele ya wateja wake, tukamwambia seleri na persili alizotuuzia ni za zamani, arudishe franka zetu. Mama alijibu kitu kimoja tu: «Mulimwagia nini?» Tuliona anatucheka.

Franka zenyewe zilikuwa za likelemba ya wamama wetu. Machimbo yakisimama, baba anarudi mikono mitupu, na minerval ya watoto haingoji. Njo maana wamama waliamua kulima viungo vya mchuzi, maana fungu la seleri linauzika kila siku.

Wote mnajua Munigi. Ukichimba kiganja kimoja unagonga jiwe la volkano. Mwaka 2002 nyufa zilifunguka karibu na hapa, na tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena mpaka Buhene, ukaharibu mabomba na tanki, karibu watu nusu milioni wakakosa maji. Kwa hiyo tunalima ndani ya mifuko, na bidoni la maji ni mali. Basi tukafanya akili: tukaweka plastiki chini ya mifuko ili maji yasipotee, tukamwagia maji ya ziwa, na yakikosa, maji yaliyobaki ya kupikia viazi, yenye chumvi. Juu yake tukatia majivu ya makala na mavi ya kuku yangali mabichi. Wiki tatu, hakuna kitu. Juu ya udongo kulitokea unga mweupe, na sisi tukafikiri ni majivu.

Mwalimu mmoja wa sekondari, jirani yetu, alishika ule unga akaonja. Akatuomba sahani tatu na kitambaa. Pakiti ile ile ya mbegu tukaigawanya: sahani ya kwanza maji ya mvua, ya pili maji ya ziwa, ya tatu maji ya viazi. Za mvua zilitangulia. Za ziwa zilichelewa, lakini zikatoka. Za viazi zililala tu. Halafu mwalimu akazisafisha hizo zilizolala, akaziweka kwa maji ya mvua, na nyingine zikaota. Hapo tulitazamana bila kusema.

Alituelezea hivi. Mbegu inakunywa maji mbele ya kuota. Chumvi nayo inavuta maji, ikiwa nyingi nje ya mbegu inayashikilia, na mbegu inabaki na kiu katikati ya maji. Ile inayofaulu kutoka inakutana na shida ya pili: chumvi inaingia kwa mizizi michanga, mmea unadumaa, ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia. Mmea mkubwa unaweza kuvumilia kile kinachoua mtoto. Waliofika Katwe, kule Uganda, wameona mashimo ya chumvi yenyewe, hakuna anayepanda mboga ndani.

Ziwa Kivu si Katwe, tusilisingizie. Lakini maji yake ya juu yana karibu gramu 1 ya chumvi-chumvi kwa litri, nyingi si chumvi ya kupikia, ni jamaa ya bikarbonati inayotoka kwa chemchemi za chini ya ardhi ya volkano. Bidoni la litri 20 linaacha karibu gramu 20, sawa na kijiko kikubwa kimoja. Jua linachukua maji, kijiko kinabaki. Hesabu mabidoni ya mwezi, na plastiki yetu chini inazuia yote isitoke!

Sasa plastiki tumetoboa. Mvua kubwa ikija tunaacha ioshe mifuko mpaka maji yatoke chini. Maji ya mvua tunayaweka kwa ajili ya mbegu na miche, ya ziwa yanangoja mmea ukomae. Mvua ya kwanza kwa mabati hatuikingi, maana moshi wa Nyiragongo unaichafua na kuifanya kali, inaunguza majani. Mavi ya kuku yanaoza kwanza, majivu ni kidogo tu, na maji ya viazi tunamwaga mbali. Kwa mifuko ile ya zamani tumepanda lengalenga, inavumilia kuliko vingine. Maharagi na vitunguu, musijaribu humo, vinaogopa chumvi sana.

Kwa mama wa mbegu tulirudi Jumamosi, wale wale wanne, mbele ya wateja vilevile. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza tunataka pakiti ngapi. Tulichukua sita. Bei hakupunguza, na hakuna kati yetu aliyethubutu kuomba.