Je, Wajua? Magitaa ya Umeme ya Zamani: Dosari Ndiyo Bei

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wahenga walisema hivyo bila kukutana na wakusanyaji wa magitaa ya umeme. Kwa hawa, kinyemi ni kile kilichopauka, kilichochubuka au kilichotoka kiwandani na kosa.

Je, wajua kuwa gitaa la umeme la mwanzo kabisa kushika soko liliitwa kikaango? Lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1932, na kampuni iliyokuja kujulikana kama Rickenbacker. Lilikuwa la alumini, tumbo dogo la duara na shingo ndefu, likipigwa limelazwa mapajani. Ukilitazama, unatafuta mayai.

Je, wajua kuwa Leo Fender hakujua kupiga gitaa? Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California. Gitaa lake nalo likafunguka kama redio: shingo imekazwa kwa skrubu, ikiharibika unafungua unaweka nyingine.

Je, wajua kuwa mkasi uliwahi kupandisha bei ya gitaa? Mwaka 1950 Fender waliliita gitaa lao Broadcaster. Kampuni ya Gretsch, waliokuwa na ngoma zilizoitwa Broadkaster, wakalalamika. Mwanzoni mwa 1951 wafanyakazi wakawa wanakata lebo na kubakiza neno "Fender" tu, mpaka lilipopatikana jina la Telecaster. Magitaa ya miezi hiyo michache huitwa Nocaster, yaani yasiyo na jina, na leo husakwa kuliko mengi yenye jina.

Je, wajua kuwa Les Paul za kampuni ya Gibson za mwaka 1958 hadi 1960 zinapendwa kwa sababu rangi yake iliharibika? Zilipakwa wekundu pembeni ukififia kuelekea manjano katikati, mfano wa jua linalozama. Wino mwekundu haukustahimili mwanga. Lililoning'inizwa dirishani mwa duka likageuka rangi ya asali. Lililolala sandukuni likabaki na wekundu wake. Ndiyo maana hakuna mawili yanayofanana. Fungua kile kibamba cha plastiki kinachokinga mbao dhidi ya kucha za mpigaji: chini yake utakuta kipande cha wekundu wa siku ya kwanza.

Na je, wajua kuwa magitaa hayohayo yalidoda dukani? Gibson waliachana na umbo hilo. Mwaka 1966 mpiga gitaa Eric Clapton akarekodi na mojawapo akiwa na bendi ya John Mayall, vijana wakaanza kuyatafuta kwenye maduka ya mitumba, na mwaka 1968 kiwanda kikarudi kuunda Les Paul. Leo la mwaka 1959 huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Je, wajua kuwa kijikaratasi cheusi kinaweza kuongeza maelfu ya dola? Pikapu hapa si gari, bali ni sumaku iliyozungushiwa waya, inayonasa mtikisiko wa nyuzi. Seth Lover wa Gibson alibuni ya koili mbili ili kuua mngurumo wa umeme, na hataza ikaombwa mwaka 1955. Ilipokuwa inasubiriwa, pikapu zikaanza kubandikwa lebo ya kusema kuwa hataza imeombwa. Mashine za kuzungushia waya hazikuwa makini kuhesabu mizunguko, hivyo nyingine zilipata zaidi, nyingine pungufu. Uzembe huo ndio watu wanaousikia kama utamu.

Je, wajua kuwa gitaa la Flying V la mwaka 1958 lina asili ya Afrika? Mbao yake ni limba, mti wa misitu inayoanzia Afrika Magharibi hadi Kongo. Jina lake la kibiashara lilikuwa Korina. Wateja walilicheka umbo la mshale la gitaa hilo, na yaliyotoka kiwandani mwaka 1958 na 1959 hayakufika 100. Waliocheka sasa wangelia.

Je, wajua kuwa tarehe moja ya mauziano imegawa soko zima? Januari 1965 kampuni ya CBS iliinunua Fender kwa dola milioni 13. Muuzaji akikwambia gitaa ni la "kabla ya CBS", shika mfuko wako.

Je, wajua kuwa umri wa gitaa huweza kusomwa tumboni? Lifungue utazame mgongo wa kile kifundo cha sauti, kwa ndani. Ukikuta 3046520, basi 304 ni kiwanda cha Stackpole, 65 ni mwaka, na 20 ni wiki ya ishirini. Lakini hiyo ni siku ya kuzaliwa ya kifundo tu. Gitaa linaweza kuwa jipya kuliko kifundo chake. Likidaiwa kuwa la zamani kuliko kifundo, ama kimebadilishwa ama unatapeliwa.

Je, wajua kuwa gitaa namba 0001 si lazima liwe la kwanza? Stratocaster nyeupe ya Fender aliyomiliki David Gilmour wa Pink Floyd, yenye namba hiyo, haikuwa ya kwanza kutengenezwa. Juni 2019, New York, mnada wa Christie's uliiuza kwa dola 1,815,000 hata hivyo. Ile yake nyeusi ilifika dola 3,975,000. Gilmour hakubaki na hata senti. Fedha zote zilikwenda kwa ClientEarth, wanasheria wa mazingira.

Je, wajua kuwa kulipaka rangi upya gitaa kuukuu ni kulikata bei karibu nusu? Mnunuzi mjanja huja na taa ya urujuanimno. Vanishi ya zamani hung'aa kwa ukijani-manjano gizani. Palipopakwa juzi hapadanganyi.

Je, wajua jinsi Lucille, gitaa la mwanamuziki B.B. King, lilivyopata jina? Mwaka 1949, huko Twist, Arkansas, wanaume wawili walipigana ukumbini wakaangusha pipa la mafuta ya taa lililowashwa kupasha joto. Ukumbi ukashika moto, King akakimbia nje, kisha akarudi ndani kuokoa gitaa lake. Aliposikia kuwa ugomvi ulimhusu mwanamke aitwaye Lucille, akaliita gitaa hivyo, liwe onyo kwake. Gitaa la Gibson lenye jina hilo halina matundu kifuani, kwani King alikuwa akiyaziba kwa matambara lisipige ukelele jukwaani.

Je, wajua kuwa Les Paul ya 1959 aliyomiliki mpiga gitaa Peter Green inasifika kwa sababu sumaku ya pikapu moja iligeuka? Ilipita kwa mpiga gitaa mwenzake Gary Moore, sasa iko kwa Kirk Hammett wa Metallica. Gibson wametoa nakala, na kosa limo.

Je, wajua kuwa mpiga gitaa Slash alirekodi albamu ya *Appetite for Destruction* ya mwaka 1987 kwa Les Paul ambayo Gibson hawakuitengeneza? Iliundwa na fundi Kris Derrig. Mwaka 2010 Gibson wakatoa toleo lenye jina la Slash kwa kuiga gitaa hilo: mwenye mali akanakili nakala.

Je, wajua, mwisho kabisa, kuwa Stratocaster ya 1961 ya mpiga gitaa Rory Gallagher wa Ireland ilipoteza karibu rangi yote, na jasho lake lililaumiwa? Fender wametoa toleo lenye jina lake, mabaka yakiwa mahali palepale. Tangu 1995 karakana yao maalumu imekuwa ikichubua magitaa mapya kwa makusudi, ikiyakwangua na kuyatia kutu, na mteja analipa zaidi kwa kila kovu. Wahenga hawakukosea sana: kipya bado kinyemi, ila sasa kidonda kinaagizwa kiwandani.