Singer kuukuu au mashine mpya ya Kichina? Soma namba kabla ya kutoa dola

Shule zinafunguliwa mwanzoni mwa Septemba, na fundi yeyote wa Kindu anajua hilo lina maana gani: sare za buluu na nyeupe, nyingi, zote zikitakiwa jana. Kama unatafuta mashine ya kushona ili uuwahi msimu huo, una njia mbili za maana. Kuna Singer kuukuu ya miguu, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu, na kuna mashine mpya nyeusi kutoka China. Ile nyeupe ya plastiki ya umeme iache dukani. Umeme wa mjini haukupi siku nzima ya kazi, na petroli ya jenereta itakula faida ya kila suruali.

Tuanze na Singer, maana ndiko maneno matamu yaliko. Muuzaji atakuambia ni ya wakati wa Wabelgiji, chuma cha kizungu, haifi. Kisha bei inapanda kwa kadiri umri unavyopanda. Umri huo unaweza kuupima mwenyewe, bila kulipa mtu.

Tazama upande wa kulia wa kitako cha mashine, karibu na nguzo. Hapo pana namba iliyogongwa kwenye chuma. Usiichanganye na namba zilizo chini ya mkono au kwenye vipande vidogo. Hizo ni za vipuri, na wauzaji wengine huzisoma kama ndizo za umri. Namba yenye tarakimu tupu, bila herufi, ni ya kabla ya 1900. Kuanzia 1900 kampuni iliweka herufi mbele. F au Y peke yake inatoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Herufi mbili zinazoanza na E, kama EK, zinatoka Clydebank pia, kuanzia miaka ya 1930. EK yenyewe ni ya katikati ya miaka ya 1950. Zinazoanza na A ni za Elizabeth, Marekani, na zinazoanza na J ni za Kanada. C peke yake ni ya Wittenberge, Ujerumani.

Clydebank ilifunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Anayekuuzia mashine “ya Uskoti ya 1990” muage kwa heshima.

Orodha za namba hizi zimewekwa kwenye intaneti bure, na simu ya jirani yenye mega kidogo inatosha. Asikutoze mtu pesa ya “utafiti”. Ila ujue mpaka wa orodha: tarehe unayoiona ni ya siku ambayo kiwanda kilitenga fungu la namba. Mashine yenyewe huenda ilikamilika miezi kadhaa baadaye, na ikauzwa baadaye zaidi. Basi anayekutajia mwezi na siku anajipamba tu.

Mtego mmoja wa kuangalia sana: mashine nyingi za Kichina zina kibao kilichoandikwa JA1-1 au JA2-1. Hilo ni jina la aina. Nimesikia watu wakilisoma kama namba ya Kanada. Namba ya Kanada ina herufi mbili zikifuatwa na tarakimu sita, haina kistari. Na ukitaka kujua kama kichwa ni Singer kweli ama ni cha Kichina kilichobandikwa maua mapya, fungua kifuniko uangalie vipande vya ndani: vingi vya kampuni vimegongwa neno SIMANCO. Ukikuta kimoja hakina, huenda kilibadilishwa. Vyote vikikosa, punguza bei au ondoka. Kuna pia zenye nishani ya buluu ya mwaka 1951, kampuni ilipotimiza miaka 100. Wakusanyaji wa Ulaya wanazipenda, lakini nishani imefungwa kwa ribiti mbili na inaweza kuhamishwa. Wewe huuzi kwa wakusanyaji. Usiilipie hata franga moja.

Sasa swali la pesa: umri una thamani gani kwa mtu anayeshona sare? Karibu hauna. Namba inakusaidia kukamata uongo na kujua mashine ni ya ukoo gani; kinachoamua kama utakula au utalala njaa ni bobini.

Fungua kibati karibu na sindano. Ukiona bobini ndefu nyembamba ndani ya shato yenye umbo la risasi, ni aina ya 27, 28, 127 au 128. Inashona mshono mzuri ajabu, lakini shato ikipotea au ikiliwa na kutu utaitafuta hadi uchoke. Ukiona bobini ya duara inayotumbukizwa kutoka juu, ni 66, 99 au 201. Ni imara, na 201 ni tamu kuliko zote, ila bobini zake si zile zinazouzwa kila kibanda, na 99 ni fupi, haiingii kwenye meza ya kawaida. Ukiona kikombe cha chuma kinachochomekwa kutoka kushoto, simama hapo hapo. Hiyo ni 15, na iliyotoka Clydebank imeandikwa 15K. Viwanda vya Japani viliinakili baada ya vita, vya China vikafuata, na ndiyo maana bobini, kikombe na sindano zake zimejaa sokoni kwa bei ya vitenge vya mabaki.

Kwa hiyo 15K ya 1955 ni bora kwako kuliko 28 ya 1905, hata kama ya pili ina maua yote na muuzaji anaapa kwa jina la babu yake.

Mashine mpya ya Kichina ni mtoto wa hiyo 15. Faida yake ni vipuri, na kwamba unaipata leo. Hasara: chuma kimesagwa kwa haraka, skrubu ni laini, na mara nyingi inatoka kwenye karatoni ikiwa imekazwa vibaya. Weka pesa ya fundi wa kuirekebisha siku ya kwanza. Garantii ya mdomo usiihesabu.

Gharama zinazojificha ndizo zinazoua bajeti. Tuchukue mfano wa hesabu, nawe uweke bei za siku yako. Kichwa cha Singer kinauzwa dola 80, mashine mpya kamili 130. Unaona umeokoa 50. Kisha meza imeliwa na mchwa, 20. Mkanda wa ngozi, 5. Kikombe na bobini, 5. Fundi wa kuifungua na kuiosha kwa mafuta ya taa kwa sababu mwenyewe alikuwa akiitia mawese, 15. Umenunua Alunguli, basi kuna mtumbwi wa kuvuka Lualaba na kijana wa kubeba, 5. Zimebaki sifuri, na hujashona kifungo.

Ongeza noti. Dola iliyochanika kidogo pembeni inakataliwa, na anayeikubali anakata chake. Ukilipa kwa franga, kubalianeni kiwango kabla ya kukubaliana bei.

Kuagiza kutoka nje ya mji sishauri kwa msimu huu. Reli ya Lubumbashi inafika ikitaka, boti za Ubundu zina saa zao, na tangu uwanja wa ndege wa Goma ufungwe Januari 2025 njia ya mashariki imebanwa. Ndege inatoza kwa kilo, na mguu wa chuma wa mashine si kitenge.

Na mguu huo ndio ninaokuambia uununue wa zamani. Chuma chake hakichoki, na tundu la meza ya Singer kubwa linapokea kichwa cha Kichina bila kuchonga. Mwenye pesa kidogo atafute meza nzima ya Singer yenye kichwa kilichokufa, ambayo inauzwa rahisi, aifungie kichwa kipya cha Kichina. Akipata 15K inayozunguka laini kwa mkono, bila mlio, aichukue hiyo kwanza, mradi jumla yake na marekebisho haivuki bei ya mpya.

Kuna hadithi ya kujihadhari nayo. Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudia kwamba sindano za Singer za zamani zina “zebaki nyekundu”, na watu wakataka kulipa maelfu ya dola, wakipima kwa simu ya mkononi. Hakuna zebaki humo. Akija mtu kukuambia bei ni kubwa kwa sababu hiyo, au akikutaka umtafutie moja kwa kamisheni, pesa itakayopotea ni yako.

Ukikubaliana bei, jaribu mashine kwa kitambaa chako, tabaka mbili za jinzi halafu popilini moja, bila kugusa skrubu. Kisha dai risiti yenye jina la muuzaji, tarehe, na ile namba ya kwenye kitako, herufi na tarakimu zote, uzisome pamoja naye kabla ya kuhesabu dola.