Jadidifu, Lakini Inakwisha

Kwenye kitabu cha sayansi cha shule, gunia la mkaa linalouzwa Manzese limo kundi moja na jua, upepo na maji ya mto. Mti ukikatwa utaota mwingine, basi mkaa ni nishati jadidifu. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, imo kundi la pili pamoja na petroli na makaa ya mawe: ikiungua imekwenda. Mgawanyo huo ni sahihi, na kwa mtihani unatosha. Kwa nchi inayotafuta ipikie nini na iwashe taa kwa nini, hautoshi hata kidogo.

Tuanze na hilo kundi la pili. Makaa ya mawe ya Ngaka na Kiwira yalikuwa mimea ya kinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, kabla dinosaria hawajatokea. Mimea ilianguka majini, ikafukiwa na tope kabla ya kuoza, kisha uzito wa miamba na joto la ardhini vikaikamua hadi ikabaki kaboni kwa sehemu kubwa. Kazi hiyo haijakoma. Mboji iliyolala leo chini ya vinamasi vya bonde la Kongo iko mwanzoni mwa njia hiyohiyo, ila hakuna mjukuu wa mtu yeyote atakayeisubiri ifike. Kinachoamua, basi, ni kasi: kitu kinarudi upesi kiasi gani, na sisi tunakichota upesi kiasi gani. Muuza duka anayekula faida atafungua kesho. Anayekula mtaji ana siku zake, hata kama biashara yenyewe ni nzuri.

Na hapo ndipo mkaa unapotuaibisha. Tanuri la udongo la kienyeji hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Mti mbichi umejaa maji, na ili yakauke lazima sehemu ya kuni yenyewe iungue humo ndani. Mchomaji akisinzia, hewa ikapenya kwenye ufa, anaamkia majivu. Watafiti waliofuatilia misitu inayoizunguka Dar es Salaam kati ya mwaka 1991 na 2005 waliona eneo la uchomaji likisogea mbali na jiji kwa kilomita 2 hivi kila mwaka. Msitu ulikuwa unarudi nyuma, na malori yakiufuata.

Lakini miombo ni miti migumu kufa. Kisiki huchipua, mizizi huchipua, hata baada ya moto. Wilayani Kilosa kuna vijiji vilivyoigawa misitu yao vitalu vidogo: kimoja kinakatwa, jirani yake kinaachwa, na kilichokatwa hupumzishwa miaka 24 kabla ya shoka kurudi. Mkaa wa vitalu hivyo na ule unaochomwa ovyo kando ya barabara kuu huwezi kuutofautisha jikoni. Mmoja unajadidika, mwingine unakwisha.

Jotoardhi nayo ina kisa chake. Huko The Geysers, California, umeme wa mvuke ulianza mwaka 1960, na katika miaka ya 1980 mitambo iliongezwa kana kwamba ardhi haina hesabu. Joto la miamba lilikuwa palepale. Kilichopungua ni maji ya kulibeba joto hilo hadi juu, na mwishoni mwa muongo ule uzalishaji ukaanza kuporomoka. Dawa iliyopatikana inachekesha kidogo: tangu mwaka 1997 majitaka ya miji ya karibu husafirishwa kwa bomba na kurudishwa ardhini, yakageuke mvuke. Olkaria ya Kenya, iliyoanza na megawati 15 mwaka 1981, nayo hurudisha maji ardhini, na leo jotoardhi ndiyo inayobeba sehemu kubwa kuliko chanzo kingine chochote cha umeme nchini humo.

Upande wetu, Tanzania, tuliegemea mito, na mito imetupiga zaidi ya mara moja. Mgao wa umeme wa mwaka 2006 haujasahaulika. Mvua ni jadidifu, hilo halina ubishi, ila Ruaha Mkuu, unaolisha mabwawa ya Mtera na Kidatu, umekuwa ukikauka kwa wiki kadhaa karibu kila kiangazi tangu mwaka 1993, na mashamba ya umwagiliaji ya Usangu yanahusika sana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limetupa nafasi ya kupumua. Lakini nalo limejengwa Rufiji, na Rufiji hupokea maji ya Ruaha huohuo. Anayelinda kinamasi cha Ihefu, hukohuko Usangu, analinda mitambo.

(Bei nyingine ya maji haisomeki kwenye luku. Umeme wa Kihansi ulipunguza rasharasha za maporomoko ambazo chura mmoja mdogo, asiyepatikana kokote kwingine duniani, alizitegemea. Mwaka 2009 alitangazwa ametoweka porini, akabaki kufugwa.)

Ziwa Kivu linaipindua kabisa orodha ya kitabuni. Katika maji yake ya kina imehifadhiwa methani, gesi ileile inayoungua kwenye mitambo ya umeme ya Kinyerezi, ila vijidudu vya kilindini vinaendelea kuitengeneza hadi leo. Rwanda inaivuta na kufua umeme. Ikivutwa polepole, inarudi.

Sasa turudi jikoni. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa ifikapo mwaka 2034, na mtungi wa gesi ndio umebebeshwa mzigo mkubwa. Gesi hiyo, tofauti na ile ya Songo Songo, inatoka nje kwa meli, nayo pia haijadidiki. Kwa mji mkubwa, mimi bado nauchagua mtungi kuliko gunia lililotoka msitu usiopumzishwa, kwa ajili ya miti na kwa ajili ya mapafu ya anayepuliza jiko. Baadaye kuna njia bora zaidi: jiko la umeme la presha hupika maharage ya familia kwa chini ya uniti moja, na Rufiji sasa ina umeme wa kutosha kulihudumia. Jiko hilo likishuka bei, mtungi wenyewe utastaafu.

Kwa sasa nina ombi kwa wanaogawa mitungi kwenye mikutano ya hadhara. Mama aliyekosa fedha ya kujaza hurudi kwenye mkaa, na mtungi hugeuka stuli. Msitutangazie idadi ya mitungi iliyotolewa. Tuambieni wangapi wamerudi kujaza mara ya pili.