Deki kuukuu haina kosa!

Jamani, mkanda wa harusi ya wazazi mmeuhamishia kwenye diski ya kuchoma, deki ya zamani inagoma, mnataka kuitupa? Acheni bwana! Mie naitetea. Diski ya kuchoma hurudisha mwanga hafifu kuliko ya kiwandani, na ile ya kufutika, RW, ndiyo hafifu zaidi. Jicho la deki linabaki kubabaisha. Tumia DVD-R, iliyoanza 1997: huelewana zaidi na deki kuukuu kuliko DVD+R ya 2002. Choma taratibu, kwa mpangilio wa DVD-Video, kisha ifunge kabisa. Ikicheza, weka nakala nyingine upesi. Dawa ya diski hufifia, na marehemu bibi hachezi mduara mara ya pili.