Je, Wajua? Colette na Riwaya ya Kuyaaga Mapenzi

Je, wajua kwamba kuna riwaya maarufu ya Kifaransa inayoanza na mama anayekataa kwenda kumwona bintiye kwa sababu ya ua? Ni La Naissance du jour (Kuzaliwa kwa Siku), iliyoandikwa na Colette na kutoka mwaka 1928. Mama huyo, Sido, ambaye ndiye mama halisi wa Colette, ana miaka 76. Katika barua, anamshukuru mkwewe kwa mwaliko, ila anasema dungusi lake la rangi ya waridi li karibu kuchanua, nalo huchanua mara moja tu kila miaka minne. Akiondoka sasa, huenda asiyaone tena maua hayo.

Je, wajua kwamba katika barua halisi Sido aliukubali mwaliko? Colette ndiye aliyeligeuza jibu la mamaye. Sido alifariki mwaka 1912, na bintiye hakwenda mazikoni.

Je, wajua kwamba mhusika mkuu naye anaitwa Colette? Ni mwandishi mwenye umri wa miaka hamsini na kitu, anayekaa La Treille Muscate, nyumba ambayo Colette aliimiliki kweli huko Saint-Tropez, kwenye pwani ya Mediterania. Siku zake hupita kwa kumwagilia bustani, kuoga baharini na kuishi na paka zake. Jirani yake kijana, Vial, anampenda. Colette huyo, aliyeamua kuyaaga mapenzi, anamsukumia kwa Hélène, msichana mchoraji. Vial na Hélène ni wa kubuni, lakini mchoraji Segonzac, rafiki halisi wa Colette, anatajwa kwa jina lake.

Je, wajua kwamba alipokuwa akiandika kitabu hicho cha kuyaaga mapenzi, Colette alikuwa na mpenzi? Aliitwa Maurice Goudeket, naye alikuwa mdogo wake kwa miaka 16. Walioana mwaka 1935, ikiwa ndoa ya tatu ya Colette, wakaishi pamoja mpaka Colette alipofariki mwaka 1954.

Je, wajua kwamba Ufaransa ilimfanyia Colette mazishi ya kitaifa? Kanisa Katoliki lilikataa kumfanyia ibada kwa sababu ya talaka zake.

Basi ukiishika riwaya hii, usiisome kama wasifu wake. Isome kama maisha ambayo mtu mzima aliyawaza asubuhi bustanini, kisha asiyafuate.